Nyumba Njema si Mlango: Tafakuri ya Mtazamaji wa Filamu ya Crimson Peak

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii niliijua tangu utotoni. Niliifundisha darasani nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu na, kama nitakavyoeleza, niliwahi kuitumia katika kazi yangu ya fasihi simulizi chuoni. Hata hivyo, ninakiri mbele yako, msomaji mpenzi, kwamba maana yake haikunikaa moyoni hadi usiku mmoja wa Agosti mwaka wa 2024, nilipoitazama filamu ya kutisha kutoka ng'ambo nikiwa nimeketi kando ya dada yangu mkubwa. Makala haya ni maelezo ya yale niliyoyaona katika filamu hiyo, na ya yale iliyonifanya niyaone nyumbani kwetu.

Filamu yenyewe inaitwa Crimson Peak, yaani Kilele Chekundu. Ilitolewa mwaka wa 2015 chini ya uelekezi wa Guillermo del Toro, msanii aliyezaliwa Guadalajara nchini Mexico mwaka wa 1964, na ambaye baadaye filamu yake The Shape of Water ilitwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora. Sikuitafuta kwa hiari. Mhadhiri wetu wa fasihi linganishi alitutaka kila mmoja achague kazi moja ya mkondo wa gothiki, aisome au aitazame, kisha aeleze iwapo mkondo huo una ndugu yake katika fasihi ya Kiswahili. Wenzangu walikimbilia riwaya. Mimi, kwa uvivu ambao siuonei fahari, nilichagua filamu kwa kuwa saa mbili zingetosha kuimaliza.

Kwa manufaa ya msomaji asiyeujua mkondo huu, nitatanguliza maelezo machache. Neno gothiki lilihusishwa kwanza na Wagothi, kisha na usanifu wa majengo ya Ulaya ya enzi za kati, yenye minara iliyochongoka. Mwaka wa 1764 Mwingereza Horace Walpole alichapisha riwaya ya The Castle of Otranto, na katika toleo la pili la mwaka wa 1765 akaiita kazi yake hadithi ya kigothiki. Tangu hapo, jumba kuukuu lenye siri likawa kama mhusika mkuu wa mkondo huo. Charlotte Brontë alilitumia katika Jane Eyre mwaka wa 1847, naye Daphne du Maurier akalitumia katika Rebecca mwaka wa 1938. Aghalabu msuko ni mmoja: msichana anaolewa au anaajiriwa katika jumba kubwa, anampenda mwenye jumba, kisha anagundua kwamba kuna mwanamke mwingine aliyemtangulia ambaye habari zake zimefichwa. Mapenzi na hofu hulala kitanda kimoja. Ndiyo sababu wataalamu huzungumzia mahaba ya kigothiki, wala si hadithi za kutisha tu.

Del Toro aliufuata msuko huo hatua kwa hatua. Mhusika wake mkuu ni Edith Cushing, binti wa tajiri wa ujenzi katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Edith ni mwandishi. Ameandika hadithi ambayo wengine wanaiona kuwa ya mizuka, lakini yeye husisitiza kwamba ni hadithi ambayo mizuka imo ndani yake tu, na kwamba mizuka hiyo ni jazanda ya yaliyopita. Anapokejeliwa kwamba atakuwa kama Jane Austen aliyekufa bila kuolewa, anajibu kwamba afadhali awe Mary Shelley aliyekufa mjane. Hapo tayari nilimpenda. Kisha anatokea Thomas Sharpe, bwana wa ukoo wa kimwinyi kutoka Uingereza, mwenye suti nzuri iliyochakaa kidogo, akiandamana na dada yake Lucille. Thomas anatafuta mtaji wa kukamilisha mashine ya kuchimba udongo mwekundu ulio chini ya jumba lao. Babake Edith anamkatalia, na sababu mojawapo anayoitoa ni kwamba viganja vya Thomas ni laini mno kwa mwanamume anayedai kufanya kazi. Babu huyo anauawa kikatili, Edith anaolewa na Thomas, na safari ya kwenda Allerdale Hall huko Cumberland inaanza.

Jumba hilo, msomaji mwenzangu, ndilo lililoninyima usingizi. Halikuwa mchezo wa kompyuta mtupu. Walilijenga hasa, ghorofa juu ya ghorofa, ndani ya studio mjini Toronto, Kanada. Paa lake limetoboka katikati ya ukumbi, hivyo majani makavu huanguka ndani wakati wa vuli na theluji wakati wa baridi, nao wenyeji hupita chini yake kana kwamba si ajabu mvua kunyesha sebuleni. Mbao za sakafu zikikanyagwa, udongo mwekundu hupenya mithili ya damu katika kidonda kilichofungwa vibaya. Jumba lenyewe linazama polepole katika udongo huo ambao wenyewe wanautaka uwatajirishe. Upepo ukivuma, bomba la moshi hufyonza hewa na nyumba nzima hupumua. Nilipoona hayo nilikumbuka Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka wa 1978. Humo pia jumba la kifahari linasimama kwa niaba ya tabaka zima, na anayelitazama kwa makini anaona kwamba uzuri wake umejengwa kwa jasho na machozi ya wasio na jina.

Fauka ya hayo, rangi zimetumiwa kwa uangalifu ambao mwanafunzi wa fasihi angeuita uteuzi wa msamiati. Buffalo ni mji wa rangi ya dhahabu na chai ya maziwa. Allerdale ni buluu iliyokomaa na kijani kilichooza. Wekundu umetengewa yaliyopita: udongo, pete ya arusi, na mizuka ya jumba hilo, ambayo miili yake ni mifupa na nyama nyekundu inayofuka moshi.

Sasa nije kwenye kiini cha makala haya. Edith alifiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka kumi. Usiku mmoja baada ya mazishi, mzuka wa mama huyo, mweusi tititi, ulipita ukumbini, ukaja kitandani pake, ukamshika bega na kumwonya: siku itakapofika, ajihadhari na Kilele Chekundu. Miaka kumi na minne baadaye, wakati Thomas amekwisha kubisha mlangoni, mzuka unarudi na onyo lile lile. Mtoto anatetemeka na kulia, na sisi watazamaji tunajikunyata vitini. Lakini katika filamu hii mzuka haumdhuru mtu. Mama amevuka mpaka wa mauti mara mbili kwa ajili ya mwanawe. Anayetisha si mfu bali ni walio hai, wale wanaonawa mikono, wanaopiga piano na kumimina chai.

Mara ya kwanza nilipoitazama filamu hii, peke yangu chumbani, niliandika katika daftari langu: "Onyo limetolewa, mhusika amelipuuza, linganisha na methali, sikio la kufa halisikii dawa." Niliridhika na nafsi yangu. Niliona nimepata daraja kati ya gothiki na fasihi simulizi yetu, na kwamba kazi ya mhadhiri imekamilika.

Nilikuwa nimekosea, na aliyenionyesha kosa langu hakusoma fasihi hata siku moja.

Dada yangu aliolewa mwaka wa 2016. Kwetu ni mashambani, upande wa Malindi, nasi ni Wagiriama. Mume alitoka katika familia yenye uwezo, yenye nyumba ya ghorofa na lango la chuma lililopakwa rangi ya dhahabu kwenye ncha. Siku ya mazungumzo ya mwisho ya mahari, wazee wakiwa wamekwisha kukubaliana na akina mama wakipiga vigelegele, nyanya yetu, ambaye kwa Kigiriama tunamwita Hawe, alimwita dada pembeni, akamshika mkono, akamwambia kwa Kiswahili ili tusikie sote: "Mjukuu wangu, nyumba njema si mlango." Kisha akanyamaza na kuachia wengine waimalizie, kama ilivyo desturi. Tuliimalizia kwa sauti moja huku tukicheka. Shangazi mmoja akasema Hawe hakosi la kunena. Mimi, mwanafunzi mpya wa Kiswahili, nilitoa kalamu nikaiandika methali hiyo pamoja na tarehe, mahali, mtendaji na hadhira, kwa kuwa tulikuwa tumeagizwa kukusanya tanzu za fasihi simulizi katika muktadha halisi. Nilipata alama nzuri. Mhadhiri aliandika pambizoni kwamba muktadha wangu ulikuwa hai.

Muktadha ulikuwa hai kuliko tulivyodhani. Hawe alikuwa amesikia sokoni kwamba bwana huyo alikuwa na mke kabla ya dada, na kwamba mke huyo alirudi kwao usiku, bila viatu, wala hakueleza sababu. Sisi tuliambiwa kwamba hakuwahi kuoa. Hawe alilijua hilo, akalifunga ndani ya methali, akamkabidhi mjukuu wake zawadi ambayo hakuna aliyeifungua.

Sitayaeleza yote yaliyompata dada katika nyumba ile, kwa kuwa si yangu kuyaeleza. Yatosha kusema kwamba alirudi mwaka wa 2019, akiwa na mkono uliovunjika na kuungwa vibaya, na kwamba kwa miezi mingi hakuweza kuketi chumbani mlango ukiwa umefungwa. Watu wa kijijini walisema yale yasemwayo siku zote: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilipokuwa likizoni niliwahi kumsikia jirani akiisema methali hiyo karibu na dirisha letu. Hata mimi sikumjibu.

Leo dada ni fundi wa kushona, ana cherehani yake na wateja wake. Agosti ile nilipoenda nyumbani, aliniuliza ninasomea nini hasa huko chuoni kinachochukua miaka mingi hivyo. Nilimweleza kuhusu gothiki, naye akacheka, akaniambia nimwonyeshe filamu hiyo. Nilisita. Nilimwambia ni ya kutisha. Alinijibu, "Ndugu yangu, mimi nimetishwa na wenye pumzi. Washa."

Tuliitazama kwenye kipakatalishi changu juu ya meza ya kushonea. Nilidhani angevutiwa na mapenzi, hasa pale Thomas na Edith wanapocheza dansi mbele ya kadamnasi akiwa ameshika mshumaa ambao, ukicheza vizuri, haupaswi kuzimika. Kumbe jicho lake la fundi lilikuwa kwenye nguo. Edith alipoingia Allerdale akiwa amevaa gauni la manjano lenye mikono mipana, na Lucille akampokea kwa gauni la buluu iliyokolea, dada alisema: "Mwangalie huyu dada mtu, nguo yake imekatwa kutoka kwenye ukuta. Huyu mgeni hana rangi hata moja ya nyumba hii." Mimi niliyejivunia kuona uteuzi wa rangi sikuwa nimeliona hilo. Lucille kwa hakika amevishwa nyumba. Anatembea na funguo zake zote kiunoni, na Edith anapoomba funguo, kama ilivyo haki ya mke wa nyumba, anaambiwa kwamba bado hajazihitaji. Dada aliposikia hivyo alinyoosha mkono, akasimamisha filamu, akanywa maji, kisha akaiendeleza mwenyewe.

Likafika tukio ambalo nilikuwa nimelipita haraka hapo awali. Edith yumo tayari katika jumba, ameolewa, ni mgonjwa wa kitu asichokijua. Mashine ya Thomas inaanza kufanya kazi. Thomas, bila nia yoyote, anamwambia kwamba majira ya baridi yakiingia udongo hupenya na kuipaka theluji wekundu, na ndiyo sababu mahali hapo panaitwa Kilele Chekundu. Uso wa Edith unabadilika. Ndipo anapojua onyo la mama yake lilihusu nini. Tayari theluji imeanza kuanguka na barabara zinafungwa.

Nilimtazama dada. Hakuonekana kutishika. Alionekana kukasirika. Alisema polepole: "Huyo mama alikosea. Angemtajia jina la mwanamume, si jina la mlima. Mtoto angejuaje?"

Msomaji mpenzi, nimeyasoma maandishi mengi ya uhakiki tangu nianze shahada hii ya uzamili, lakini sijakutana na sentensi iliyonivuruga kama hiyo. Edith hakulipuuza onyo. Alilikumbuka kwa miaka kumi na minne. Kosa lilikuwa katika onyo lenyewe: lilitolewa kwa jina ambalo mwonywaji hakulijua, na ambalo angelijua tu baada ya kuingia mahali alipokatazwa kuingia. Ni dawa iliyoandikwa kwa lugha ambayo mgonjwa hujifunza akiwa kaburini. Methali yangu ya sikio la kufa haikufaa, kwa maana methali hiyo humlaumu msikilizaji. Hakuna methali niliyokuwa nimeikusanya inayomlaumu msemaji kwa kutosema wazi.

Baada ya hapo nilianza kuiona filamu nzima upya. Babake Edith humkodi mpelelezi, naye mpelelezi huyo anamletea ushahidi kwamba Thomas amekwisha kuoa. Je, anamwambia binti yake? La hasha. Anawaita kaka na dada faraghani, anawapa hundi waondoke, na kumlazimisha Thomas amvunje Edith moyo hadharani. Anataka kumlinda mwanawe kwa njia ya siri, kama mama alivyomlinda kwa njia ya fumbo. Keshoye anauawa, na siri inakufa naye. Wazazi wote wawili walijua, wote wawili walimpenda, na kati yao hakuna aliyempa binti yao habari ambayo angeweza kuitumia.

Wanaofanikiwa kumsaidia Edith ni wanawake waliomtangulia. Thomas alikwisha kuwaoa wanawake wengine watatu, wote wenye mali na wasio na jamaa wa karibu. Mali yao iliingia kwenye mashine, nayo miili yao ikaishia katika jumba. Mizuka yao humnyooshea Edith vidole gizani hadi anapata picha na mitungi ya nta iliyorekodiwa sauti kwa chombo cha zamani cha fonografu. Katika mitungi hiyo sauti ya mwanamke inaeleza kwamba anauawa kwa sumu, na sumu hiyo imo katika chai. Hakuna jazanda wala jina la kupanga. Ni chai ile ile ambayo Lucille humletea Edith kila siku. Baada ya mizuka yote na kelele zote za filamu hii, jambo lenye nguvu kuliko yote ni sauti hiyo hafifu inayotaja kitu kwa jina lake.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumza na wenzangu wa chama hiki. Sisi ni wapenzi wa fumbo. Tunafundishwa, nasi tunafundisha, kwamba methali ni pambo la usemi, kwamba mtu mzima hasemi mambo kwa uchi, kwamba lugha ya mafumbo ni hekima. Nami sikatai. Fasihi yetu imetumia vyema yasiyoonekana kusema yanayoonekana. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka wa 1960, alimpeleka Bwana Msa mahali palipoogopwa kwa sababu ya mizimu, akatuonyesha kwamba palipo na maiti tutafute kwanza mkono wa binadamu. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya mwaka wa 2001, alimfufua babu ili amwonyeshe mjukuu mwenye cheo uozo anaoufumbia macho. Kwa hiyo jibu langu kwa mhadhiri wetu ni kwamba gothiki ina ndugu katika Kiswahili, na undugu wao umo katika hili: mfu harudi kutisha, hurudi kwa kuwa kuna jambo walio hai wamelinyamazia. Hata nyumbani, wazee wetu husema kwamba koma, yaani mizimu ya waliotutangulia, hawaji ndotoni bila haja.

Lakini kuna mafumbo yanayofunua na kuna mafumbo yanayomwezesha msemaji kuamini kwamba ametimiza wajibu wake. Mwandishi wa riwaya ana kurasa mia mbili za kulifungua fumbo lake. Bibi harusi ana dakika moja katikati ya vigelegele.

Sidai kwamba filamu hii haina dosari. Msiri wake ni dhaifu: mtazamaji makini anaujua uovu wa Lucille tangu anapoketi kwenye piano kule Buffalo, na taharuki iliyobaki ni ya lini, si ya nani. Daktari McMichael, rafiki wa Edith anayesafiri kutoka Marekani kuja kumwokoa, amechorwa kwa kalamu nyepesi, ingawa nilifurahi kwamba mwokozi huyo anachomwa kisu na hatimaye ni Edith anayempa bega. Waliotangaziwa filamu ya kutisha wakaja kutafuta kutetemeka walirudi na huzuni badala yake. Kwangu huo si upungufu.

Mhusika aliyenisumbua zaidi, hata hivyo, ni Thomas. Ni rahisi kumchukia Lucille, maana ndiye mwenye kisu. Thomas ana mikono laini. Anampenda Edith kweli, angalau mwishoni, na anajaribu kumwokoa baada ya kuchelewa, naye analipia kwa uhai wake. Lakini kabla ya hapo aliishi miaka mingi akila matunda ya maovu ambayo hakuyatenda kwa mkono wake mwenyewe, na akajiambia kwamba yote ni kwa ajili ya mashine, kwa ajili ya ukoo, kwa ajili ya kesho. Usiku ule nilivitazama viganja vyangu. Ada yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka katika mahari ya dada. Nilijua wakati huo, nikashukuru, nikaketi darasani nikachambua nafasi ya mwanamke katika Utengano ilhali dada alikuwa nyuma ya lango la chuma. Sikumuuza mimi. Ila nilisoma kwa bei yake, na aliporudi na mkono uliovunjika sikumuuliza neno kwa kuogopa jibu. Nilimwambia hayo filamu ilipokwisha. Aliendelea kukunja kitambaa kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nilijua. Maliza masomo." Sijui kama huo ni msamaha, wala sikumwomba afafanue.

Siku mbili baadaye nilimwendea Hawe. Nilimuuliza, kwa adabu yote, kwa nini hakusema wazi siku ile. Hakukasirika. Alisema: "Ningesema wazi, ningeambiwa ninaharibu bahati ya mtoto. Mahari ilikuwa imekwisha kuhesabiwa. Methali hakuna awezaye kuigombeza." Nilielewa basi kwamba fumbo lake lilikuwa mahali pekee ambapo mwanamke mzee aliweza kuweka ukweli bila kunyang'anywa. Hawe hakuwa mwoga kuliko sisi. Sisi tuliocheka, tulioimalizia kwa sauti moja, na zaidi mimi niliyeiandika, ndio tuliomwachia njia hiyo moja tu. Palihitajika mtu mmoja pale uani wa kumuuliza: "Hawe, unamaanisha nini?" Mimi ndiye niliyekuwa na daftari mkononi.

Kuna jambo moja katika filamu ambalo nimelihifadhi kwa mwisho. Mwanzoni, babake Edith anamzawadia kalamu nzuri. Edith anaipokea kwa heshima lakini anamwambia angependa kupiga chapa hadithi yake, kwa sababu mwandiko wake unamsaliti kuwa mwanamke. Kalamu hiyo inasafiri naye hadi Allerdale. Lucille anapomlazimisha kutia sahihi hati za kuhamisha mali yake yote, ni kalamu hiyo hiyo ambayo Edith anaishika na kumchoma nayo kifuani. Na orodha ya washiriki inapopita, tunaonyeshwa kitabu kiitwacho Crimson Peak chenye jina la Edith Cushing. Amepona, na ameandika. Jina ambalo mama yake alilinong'ona bila maelezo, yeye ameliweka juu ya jalada ili wote walijue.

Mwezi wa Desemba mwaka huo, binamu yetu mdogo alipata mchumba. Familia zilikutana nyumbani kwetu. Kabla wageni hawajafika, dada aliomba akae na binamu chumbani kwa nusu saa, akaniomba nami niwepo ili baadaye pasiwe na mtu wa kusema kwamba hakuambiwa. Alimwambia aulize iwapo mtu huyo amewahi kuoa, na mwanamke huyo yuko wapi, na kama anaweza kuzungumza naye. Alimwambia asiikubali nyumba ambayo hatakuwa na ufunguo wake. Alimwambia nambari ya simu ya nani apige, saa yoyote. Akamwonyesha mkono wake. Binamu aliuliza maswali mengi, naye dada akajibu kila moja. Katika nusu saa hiyo hakutumia methali hata moja, na mimi sikuandika kitu.

Ndugu zangu katika taaluma, tuendelee kuzikusanya methali, kwani ni urithi wetu. Lakini pindi tunapomrekodi bibi mzee akinena, tusitosheke na tarehe, mahali na hadhira. Tumuulize anamwonya nani, na dhidi ya nini, kisha tufungue tuingie ndani.